Maswali ambayo watu wa Amu hutuuliza kuhusu baraza la kutunza pwani

Mimi ni katibu wa baraza la watu wanaojitolea kutunza pwani hapa Amu, yaani Lamu, na visiwa jirani. Maswali haya tumeulizwa gatini, dikoni, nje ya msikiti baada ya Isha na ndani ya boti za Mokowe. Mengine tumeulizwa kwa upole, mengine kwa hasira. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka vinywani mwa watu.

Baraza lenu ni la nini hasa?

La kupanga. Wengi hudhani sisi ni kikundi cha kupanda mikoko na kuokota taka. Tunapanda, na taka tunaokota, lakini kilichotukutanisha ni haja ya kukaa chini kabla mtu hajashika jembe, tukaulizana: mradi huu utafanywa wapi, nani anapatumia mahali hapo, maji yanapita vipi, na baada ya miaka mitano nani atakuwa bado anakwenda kuutazama? Visiwa hivi vimeona miradi mingi iliyokuja na fulana mpya na mabango, watu wakapigwa picha, kisha bango likabaki limesimama peke yake topeni.

Jina lenyewe tulilitoa kwenye baraza za mawe zilizo mbele ya nyumba zetu. Hapo ndipo tulipoanza kukaa: wavuvi, fundi wa mashua, mwalimu, mama anayeuza samaki, na mkata boriti, yaani miti ya mikoko ya kujengea, mmoja ambaye mwanzoni alikuja kutugombeza.

Kwa hiyo nyinyi ni serikali?

Hapana. Hatuwezi kumkamata mtu, kutoa leseni wala kufunga bahari. Mikoko ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932, na leo iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Kasa na Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, ziko chini ya KWS, shirika la wanyamapori. Wavuvi wana BMU zao, yaani vikundi vya kusimamia ufuo, zinazofanya kazi na idara ya uvuvi. Athari za ujenzi hutazamwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Bajeti za wadi ziko kaunti. Ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ya umma kwa mujibu wa Katiba.

Hesabu mwenyewe: kipande kimoja cha ufuo kina wenyewe watano au sita, na ni nadra kuwakuta wamekaa mkeka mmoja. Sisi tunautandika huo mkeka. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kuyatunza. Hatuhitaji ruhusa zaidi ya hiyo ili kukaa na kuzungumza.

Nani anaweza kujiunga?

Yeyote anayeishi kwa bahari hii au kando yake. Hatuulizi kabila, chama wala ukoo. Tunao Wabajuni wa Kizingitini, Waamu wa Mkomani, watu wa Hindi na Mkunumbi ambao riziki yao ni shamba lakini maji ya mashamba yao huishia kwenye mikoko. Hao wa bara walichelewa kualikwa, na kosa hilo lilikuwa letu. Udongo unaoshuka na mvua haujui mpaka wa wadi.

Sharti ni moja tu: uje mikutano mitatu ya kusikiliza kabla ya kupewa nafasi ya kupiga kura. Limewaudhi baadhi ya watu, hasa vijana wenye haraka na wazee wenye vyeo. Tumelishikilia hata hivyo.

Mnalipwa?

Hapana. Fedha zikiwepo, hulipia nauli ya boti na chakula cha siku ya kazi. Zisipokuwepo, kila mtu huja na chake.

Mbona mikutano yenu haina tarehe ya kudumu?

Kwa sababu bahari haifuati kalenda ya ukutani. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana, na hapo wanawake na vijana wako miambani wakitafuta pweza. Maji yakijaa, wakata boriti wanapata nafasi ya kuingia na kutoka kwenye vijito vya ndani. Ukiitisha mkutano siku hizo utapata watu wa ofisini peke yao, nao watapanga mambo ya watu ambao hawapo. Sisi tunakutana wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu. Mwezi wa Ramadhani hatukutani, na kusi ikichafuka hatuwaiti watu wa Kiwayu na Kiunga wavuke kwa ajili yetu. Huwa tunawapigia simu na kuweka sauti juu, mkutano mzima usikie.

Mradi unapangwaje, tangu wazo mpaka kazi?

Kwanza tunakwenda kuona. Tunakwenda mara mbili, maji yakiwa yamepwa na maji yakiwa yamejaa, kwa sababu ni mahali pawili tofauti. Tunakwenda na mtu mzima anayepakumbuka palivyokuwa, na mtu anayepatumia sasa. Maneno yao yanaandikwa. Kuna mama wa Matondoni aliyetuonyesha, kwa kidole tu, mahali ambapo kijito kilikuwa kikipita alipokuwa msichana. Hakuna ramani tuliyowahi kupewa iliyokuwa nacho.

Kisha tunaliuliza baraza zima swali moja: mradi huu ukifanikiwa, nani atapoteza kitu? Yupo kila mara. Anaweza kuwa anayefunga mashua yake hapo, anayechota mchanga, au anayetega malema. Mtu huyo akijulikana mapema, mazungumzo huwezekana. Akijulikana baada ya kazi kuanza, ameshakuwa adui, na haki ni yake.

Ndipo zinakuja barua za vibali, na mwisho kabisa ndio jembe. Kutoka wazo mpaka jembe inaweza kupita kaskazi nzima na kusi nzima.

Mbona mnapanda mikoko michache hivyo? Wengine wanapanda maelfu kwa siku moja.

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, nami nitalijibu kwa kirefu kwa sababu nililijibu vibaya kwa muda mrefu.

Mwaka wetu wa kwanza tulitaka watu wengi na miche mingi. Tulichagua tope lililo wazi mbele ya msitu, upande unaopigwa na upepo, mahali ambapo kila anayepita kwa boti angeona kazi yetu. Tukachomeka mbegu za mkoko safu kwa safu kama mtu anayepanda mahindi. Mzee mmoja aliyekata boriti maisha yake yote alisimama kando, akatuuliza: "Kama hapa pangekubali mkoko, mnadhani mbegu zote zilizoanguka miaka hii yote zilikuwa zikingoja nyinyi?" Tulicheka naye, tukaendelea. Kusi ilipoingia, mawimbi yaliilaza miche. Iliyosalia ilizama kwenye mchanga au ikaliwa na kaa. Tuliporudi mwaka uliofuata tulikuta vijiti vichache vyeusi. Nimeshakwenda mazishi mengi, lakini sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kusimama topeni akajisikia vile kwa ajili ya miti.

Alichokuwa anatuambia mzee yule ni hiki. Kenya ina aina tisa za mikoko, na kila aina ina kiwango chake cha maji na chumvi. Mlilana hukaa mbele kabisa, unakubali kupigwa na bahari. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, na muia. Mkandaa hupenda katikati, mahali ambapo maji hayafiki kila siku kwa wingi. Mchu huvumilia chumvi nyingi, kwa hiyo utaukuta nyuma karibu na nchi kavu, na pengine mbele pia. Kikandaa hukaa pembezoni, karibu na bara. Sisi tulichukua mti wa safu ya pili tukauweka mahali ambapo hata mlilana ulikuwa umekataa kuota.

Tena, mkoko hauhitaji mtu wa kuupanda. Mbegu yake huanza kuchipua ikiwa bado inaning'inia kwenye mama yake, ndefu kama kijiti, na ikianguka iko tayari kusimama topeni au kuelea mpaka ipate pa kusimama. Mahali ambapo msitu uko karibu na maji yanapita vizuri, miche huja yenyewe, na huja aina inayofaa. Ukiona mahali palipokatwa hapaoti tena, usikimbilie kitaluni. Uliza kwanza maji yamepatwa na nini. Mara nyingi kuna tuta la njia, lundo la mchanga, au mlango wa kijito ulioziba, na nyuma yake maji yanasimama, jua linayakausha, chumvi inapanda mpaka hata mchu unakufa. Hapo unaweza kupanda miche elfu kila mwaka ukawa unalisha jua. Chukua sepetu, fungua kijito, kisha subiri.

Kusubiri ndiyo kazi ngumu. Hakuna mfadhili anayependa picha ya watu wanaosubiri.

Tunapopanda, basi, tunapanda kidogo na kwa sababu. Mkoko, muia na mkandaa tunachomeka mbegu moja kwa moja. Mchu na mlilana hupitia kitaluni, na vifuko vya plastiki vya kitalu huhesabiwa vikienda na huhesabiwa vikirudi. Kila mche ulio hai huhesabiwa tena baada ya miezi sita, baada ya mwaka, na baada ya miaka mitatu. Ukitaka kujua kama mradi wa mikoko ni wa kweli, popote pale, usiulize imepandwa mingapi. Uliza imebaki mingapi, na nani alikwenda kuhesabu.

Je, mnataka boriti zikomeshwe?

Hapana, na ninaomba neno hili lifike kwa kila mkata boriti aliyeambiwa vingine.

Mji huu umejengwa kwa boriti. Upana wa vyumba katika nyumba zetu za mawe, chini kidogo ya mita 3, uliamuliwa na urefu wa boriti iliyobeba dari. Majahazi yaliyopeleka boriti korija kwa korija, yaani ishirini ishirini, Uarabuni na Ghuba ndiyo yaliyolisha familia nyingi za hapa mpaka serikali ilipopiga marufuku kuuza nje mwaka 1982. Mataruma ya mashua hutoka kwenye mlilana, fito na pau za kuezekea hutoka kwenye mkandaa. Wanaosema tuhifadhi mikoko kwa kumfukuza mkataji hawajui kwamba mkataji ndiye anayeujua msitu kuliko mtu mwingine yeyote.

Lamu ina takriban hektari 37,350 za mikoko, ambazo ni asilimia 61 ya mikoko yote ya Kenya. Msitu mkubwa kiasi hicho unaweza kukatwa na ukaendelea kuwepo, iwapo kukata kunafuata utaratibu: kuacha miti mama ya kutoa mbegu, kutomaliza saizi moja peke yake, kuhama eneo na kuliacha lipumzike. Kinachotuumiza ni kukata mahali pamoja kwa sababu pako karibu na gati, na kukata mkoko ulionyooka tu huku ile iliyopinda ikibaki kuwa ndiyo pekee inayozaa.

Mwezi Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma nchi nzima, na marufuku hiyo ikaigusa mikoko yetu pia. Madau ya mwao, yale ya kubebea boriti, yalilala ufukweni. Nilikuwa naona wanaume wazima wamekaa gatini tangu asubuhi hawana pa kwenda. Watu wakijua kukata tu, ukawafungia msitu bila kuwaonyesha njia nyingine, wataingia usiku, na mti wa usiku hauhesabiwi na mtu. Ndiyo maana kwenye baraza letu viti viwili ni vya wakataji daima.

Ni vibali gani vinahitajika?

Kugusa mikoko kwa namna yoyote, hata kupanda, zungumza na KFS. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaruhusu jumuiya ya msitu kuingia mkataba nao wa kusimamia eneo pamoja, na njia hiyo ni imara kuliko barua ya ruhusa ya siku moja. Kazi ya kufukua kijito au kujenga chochote ufukweni, pitia NEMA kwanza. Jambo linalogusa wavuvi, BMU ya hapo. Barua zote tunakusaidia kuziandika, bure.

Kikundi kipya kinachotaka kujisajili kinahitaji wanachama wasiopungua 10, chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022.

Nimekuta kasa kwenye jarife langu. Nifanye nini?

Kwanza, hakuna atakayekuja kukukamata kwa sababu ya kasa aliyeingia wavuni kwa bahati mbaya nawe ukamwachilia. Tunajua hofu hiyo ndiyo inayowafanya wengine wamalize jambo kimya kimya.

Kasa anapumua hewa kama sisi, na wavuni huzama kama mtu. Akiwa na nguvu, kata nyuzi, usimvute kwa mapezi, mrudishe majini taratibu. Akiwa amelegea usidhani amekufa. Mweke kwa tumbo, usimlaze chali. Inua sehemu ya nyuma iwe juu kidogo kuliko kichwa ili maji yatoke mapafuni, mfunike kwa kitambaa kilicholowa, muweke kivulini. Inaweza kuchukua saa nyingi kabla hajazinduka. Nahodha mmoja wa Faza alikaa na kasa wake kutoka adhuhuri mpaka usiku, akamwachilia kwenye mbalamwezi, na bado huisimulia hadithi hiyo kwa sauti ya mtu aliyepata mtoto.

Na nikiona kiota?

Usikifukue, usihamishe mayai. Kiota kimoja kinaweza kuwa na mayai zaidi ya 100, na hukaa mchangani karibu miezi miwili. Weka alama mbali kidogo, si juu yake, utuarifu au uwaarifu KWS. Mwenye nyumba au hoteli iliyo karibu azime taa zinazoelekea pwani, kwa sababu vitoto vikitoka hufuata mwanga, na taa ya veranda huvipeleka nchi kavu kufa. Kula kasa na mayai yake, au kuuza gamba la ng'amba, ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Najua mafuta ya kasa yalikuwa dawa ya bibi zetu, na simlaumu bibi yeyote. Wakati wao kasa walikuwa wengi.

Mnasemaje kuhusu juya?

Juya limepigwa marufuku Kenya tangu 2001, na sababu yake anaijua kila mvuvi: linakokota chini, linang'oa nyasi za bahari na kubeba vidagaa ambavyo havijafika hata kuzaa mara moja. Lakini kijana anayevuta juya mara nyingi si mwenye juya. Tukimchomea wavu, tajiri wake atanunua mwingine, na yeye atabaki na deni. Tunachofanya ni kuzungumza na BMU ili watu wabadilishiwe zana, mmoja mmoja, kwa wavu wa matundu yanayokubalika au malema. Kazi inakwenda polepole mno. Sina jibu zuri zaidi.

Kwa nini mnataka kutufungia maeneo ya kuvulia?

Hatufungi sisi, na hatutalitetea eneo lililofungwa bila wavuvi wa hapo kukubali wenyewe. Tunachosema ni kwamba njia ipo na imejaribiwa. Kule Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe waliamua mwaka 2005 kuacha sehemu ya takriban hektari 30 isivuliwe. Wao huiita tengefu. Hao walioamua ndio waliokuwa wakivua hapo, nao wanajua samaki walivyorudi.

Kwa hapa tunapendelea kuanza na pweza, kwa sababu pweza hukua haraka. Ukiacha mwamba upumzike miezi michache, unapofungua unaona tofauti kwa macho na kwa mizani, na mama aliyekubali kusubiri anapata malipo yake kabla subira haijamwishia. Samaki wa miambani huhitaji miaka, na miaka ni vigumu kumwomba mtu ambaye chungu chake kinasubiri leo.

Msimamo wenu kuhusu bandari ni upi?

Bandari ya Lamu imekwisha kuwepo. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na wapo vijana wetu waliopata kazi pale. Wapo pia wavuvi waliopoteza maeneo yao Manda kwa sababu ya kuchimbwa kwa njia ya meli. Wote wawili hukaa baraza moja nasi.

Tunalolishikilia ni lile ambalo mahakama imeshalisema. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki za watu wa Lamu zilikiukwa, zikiwemo haki ya mazingira safi, ya utamaduni na ya kupewa habari, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 2019, baraza la rufaa la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Kwasasi, wa megawati 1,050, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Hukumu zote mbili zinatufundisha kuandika. Walioshinda walikuwa na barua, tarehe, majina ya waliohudhuria na wasioalikwa. Ndiyo maana katika kila mkutano wa umma kuhusu mradi wowote wa ufuo utamwona mmoja wetu amekaa na daftari.

Taka za plastiki zinatoka wapi, na kuokota kunasaidia?

Nyingine ni zetu. Mifuko ilipigwa marufuku Agosti 2017 na mji ukapumua, lakini chupa na vifungashio vimebaki. Nyingine huletwa na bahari: ufuo wa Kiwayu usio na nyumba hata moja utaukuta na chupa zenye maandishi tusiyoweza kuyasoma. Kuokota bila pa kupeleka ni kuhamisha uchafu tu, kwa hiyo hatuandai siku ya usafi mpaka mnunuzi wa plastiki au mahali pa kuhifadhi pamepatikana. Mafundi wa hapa walishaonyesha kinachowezekana: Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa rangi za kandambili 30,000, lilishushwa majini Lamu mwaka 2018 na mapema 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Watoto wetu bado huulizia kama wanaweza kulipanda.

Vilima vya mchanga vya Shela vinawahusu nini?

Ni kisima chetu. Mvua ikinyesha juu ya vilima vile, mchanga huichuja na kuihifadhi chini, nayo ndiyo maji matamu ya mji. Ukijenga juu yake, ukachimba choo, au ukavuta maji kupita kiasi, chumvi huingia kutoka pande zote, na maji ya chumvi yakishaingia hayatoki kwa amri ya mtu. Kila ombi la ujenzi upande ule tunalifuatilia. Sitaongeza neno, mwenye kunywa maji ameelewa.

Tumesikia kuna pesa za hewa ukaa. Mbona hamleti?

Zipo, ni malipo kwa kaboni ambayo miti huivuta na kuihifadhi, na hazidondoki kama embe. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umeuza hewa ukaa ya mikoko tangu miaka ya 2013 na 2014, na fedha zikaenda kwenye maji na shule. Waliotangulia hapo walikuwa wamefanya utafiti wa msitu kwa miaka mingi kabla ya senti ya kwanza kuingia.

Mtu akija kijijini kwako na mkataba wa hewa ukaa, usitie sahihi siku hiyo hiyo. Muulize haya: msitu ni wa nani kisheria? Mkataba ni wa miaka mingapi? Mkataji wa leo atakatazwa nini? Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023, na kwa miradi ya ardhini jamii hupaswa kupata angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliopita baada ya kutoa gharama. Muulize pia hizo gharama zinahesabiwa na nani, maana hapo ndipo asilimia huyeyuka. Leta karatasi kwetu, tuisome pamoja kwa Kiswahili, neno kwa neno.

Fedha zenu zinatoka wapi?

Michango ya wanachama, zawadi za watu wa hapa walio nje, na mara chache msaada wa mradi maalumu. Sahihi za benki ni tatu, mojawapo ya mwanamke, na hazitoki nyumba moja. Hesabu husomwa kwa sauti mkutanoni na kubandikwa gatini. Tumewahi kukataa msaada mkubwa kwa sababu mtoaji alitaka idadi ya miche itangazwe kabla hajaona tope.

Wageni wanaweza kujitolea?

Wanaweza, wakikubali kufanya kazi iliyopo na si waliyoiota. Mara nyingi iliyopo ni kuhesabu.

Mmefanikiwa nini mpaka sasa?

Kijito kimoja kimefunguliwa na nyuma yake michu inachipua yenyewe. Wakataji na maafisa wa misitu wanakaa meza moja bila kupigiana kelele, siku nyingi. Wavuvi kadhaa huachilia kasa na kutupigia simu. Ni kidogo, nami nakijua kila kipande chake kwa jina. Ndio kwanza mkoko unaalika maua.

Msimu huu mnaanza na nini?

Kuna kijito nyuma ya Kipungani ambacho mlango wake umejaa mchanga. Wazee wawili wanatofautiana kuhusu kilikuwa kikipita kushoto au kulia kwa mlilana mkubwa uliopo. Kabla hatujaomba kibali chochote tutakwenda nao wote wawili, bamvua ijayo, maji yakiwa yamepwa, kisha tutangoja pale pale mpaka yajae tuone yenyewe yanataka kupita wapi. Boti itaondoka gatini baada ya sala ya alfajiri. Anayetaka kuja alete maji ya kunywa na viatu vya kufunga kamba, kandambili hubaki topeni.